Jina Lililo Juu ya Bahasha

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, Mfungo Mosi ukiingia, bahasha za harusi huanza kubisha milangoni mwetu. Wenye shughuli huhangaika na rangi ya kadi na maua yake, kisha kazi ya kuandika majina juu ya bahasha hupewa kijana yeyote mwenye hati nzuri. Ilhali hapo ndipo penye uzito.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema kuwa kuitikia mwaliko wa walima ya ndoa ni wajibu, kwa masharti yake. Miongoni mwa masharti hayo ni kuwa mwalikwa awe amekusudiwa yeye hasa, si tangazo la "atakaye na aje", na kuwa wasiitwe matajiri peke yao. Basi jina lililoandikwa juu ya bahasha humbebesha mtu wajibu mbele ya Mola wake. Je, jambo kama hilo huandikwa ovyo?

Niliwahi kuitwa kusuluhisha ugomvi uliotokana na bahasha moja. Mzee mmoja mtaani kwetu ana wake wawili. Ililetwa bahasha ya "Bwana na Bibi Fulani", ikaachwa nyumbani kwa mke mkubwa. Mke mdogo, ambaye alikua pamoja na mama wa bwana harusi, hakuona pa kujihesabu. Hakwenda, na salamu zikakatika kwa miezi mitatu. Waandishi hawakuwa na nia mbaya. Walifuata tu mtindo waliouzoea kuuona.

Lau wangaliandika kila mke kwa jina lake, yasingalitokea hayo. Mwanamke wa Kiislamu hapotezi jina la baba yake kwa kuolewa. Bi Khadija ni binti Khuwaylid na Bi Aisha ni binti Abubakar (R.A.), nao waliolewa na mbora wa viumbe.

Jambo la pili ni idadi. Neno "na familia" mmoja hulifahamu kuwa ni mkewe, mwingine huja na watoto saba. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Answari aitwaye Abu Shu'ayb alimwalika Mtume (S.A.W.) pamoja na watu wanne. Njiani akawafuata mtu mwingine. Mtume (S.A.W.) hakumwingiza kimya kimya, alimweleza mwenye nyumba na kumwachia hiari, naye akaridhia. Basi mwenye kualika abainishe, na mwalikwa aombe idhini.

La tatu ni vyeo. Mtume (S.A.W.) alipomwandikia Hirakli, alimtaja kwa jina lake na kwa ukuu aliokuwa nao kwa Warumi, hakumdunisha wala hakumtukuza kupita kiasi. Sisi humwandikia mfanyabiashara "Mheshimiwa Alhaji", na mwadhini wetu tukamwandika kwa jina la utani ambalo yeye mwenyewe halipendi, hali Suratul Hujurat imetukataza kuitana kwa majina mabaya.

Na lililo kubwa kuliko yote: siku hizi kadi imekuwa risiti ya mchango. Aliyetoa huandikiwa bahasha. Asiye nacho husikia ngoma kwa mbali. Abu Hurayra (R.A.) amepokea kuwa chakula kiovu mno ni cha walima wanayoitiwa matajiri wakaachwa mafukara.

Atasema msemaji kuwa haya ni mambo madogo, na kwamba leo mialiko hutumwa kwa simu. Naam, lakini ujumbe mmoja unaorushwa kwa watu mia tatu bila ya jina la yeyote ni tangazo, wala mtu asilaumiwe kwa kutouitikia.

Ndugu yangu, kabla ya kuzifunga bahasha zako, zisome kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani. Kisha jiulize: ni jirani gani ambaye jina lake halikusomwa, na ni kwa sababu gani?

Allah (S.W.) azibariki ndoa zetu na aziunganishe nyoyo zetu. Amin.