Mmekata utepe, cheti cha maji kiko wapi?

KILA kisima kirefu kinapozinduliwa nchini, mambo ni yale yale. Ngoma zinapigwa, mheshimiwa anakata utepe, anakunywa glasi moja mbele ya wapiga picha, kisha anapanda gari lenye kiyoyozi na kurudia maji yake ya chupa. Walalahoi wanabaki na kisima. Swali lisiloulizwa ni moja: maji haya yamepimwa, na majibu yako wapi?

Huu si uchokozi. Nendeni Arumeru, nendeni Hai, mkaangalie meno ya watu. Ile rangi ya kahawia si uchafu wala si ya ukoo. Ni floridi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia katika maji ya ardhini. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, doa halimtoki maisha. Yakizidi sana kwa miaka mingi yanashambulia mifupa. Miguu inapinda na mgongo unakakamaa.

Floridi haina rangi wala harufu. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, lakini floridi haiendi popote, tena inazidi makali maji yanapopungua sufuriani. Dawa ya kuijua ni kupima tu.

Sasa sikilizeni maajabu. Mwaka 1974 Serikali ilitoa viwango vya muda vilivyoruhusu floridi hadi miligramu 8 kwa lita. Mwaka 1984 Shirika la Afya Duniani likasema isizidi 1.5. Sisi tukang'ang'ania nane yetu, baadaye tukashuka hadi nne, na 1.5 tukaifikia mwaka 2018! Hoja ilikuwa kwamba maji ni haba. Haya, tukubali nchi ilikuwa maskini. Je, kumwambia mnywaji ukweli nako kulihitaji fedha za wafadhili? Mfupa wa mtoto hausomi viwango vya muda.

Leo karatasi ni nzuri, lakini kisima kilichofaulu enzi za nane au nne kinaweza kufeli kwa 1.5, na mama mwenye ndoo kichwani hana namna ya kujua. Wala tusidanganywe kwa majibu ya kisima cha jirani. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa. Tena kisima safi wakati wa kiangazi kinaweza kuingiliwa na maji ya vyoo wakati wa masika. Kipimo cha siku ya uzinduzi hakitoshi.

Tunachodai ni kidogo. Kila kisima kiwe na kibao cha Kiswahili chenye tarehe ya kupimwa, kiasi cha floridi, chumvi na naitreti, na kama vijidudu vimeonekana. Kisichofaa kiandikwe wazi "si ya kunywa", na wananchi wapewe chanzo kingine. Wizara ina maabara. Vijijini ipo RUWASA tangu 2019. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachojua kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kinachokosekana ni uwazi.

Mheshimiwa akija tena na mkasi wake, mwulizeni cheti kwanza. Akikosa, basi maji hayo ayanywe yeye na wanawe, kila siku, miaka kumi.