Ukaguzi wa Ustawi wa Wazee: Malalamiko ni Taarifa, Yasipuuzwe

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, Afisa Ustawi wa Jamii anapobisha hodi kwa mzee anayeishi peke yake, huenda anaokoa maisha. Kwa miaka mingi ukanda huu umeshuhudia mauaji ya vikongwe, hasa wanawake, kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu, ambayo mara nyingi husababishwa na moshi wa kuni au wa samadi kavu jikoni, yamechukuliwa kuwa ushahidi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, nazo halmashauri zina jukumu la kuwatambua wasio na uwezo ili watibiwe bila malipo. Hata hivyo, orodha pekee haimlindi mtu.

Lalamiko kwamba afisa hakufika ni rahisi kulielewa. Lililo zito zaidi ni la mzee anayesema afisa alifika, akamhoji mbele ya ndugu, kisha akaondoka. Nyuma ya tuhuma za uchawi mara nyingi kuna mgogoro wa shamba. Mjane akiulizwa hali yake mbele ya ndugu wa marehemu mumewe wanaoitaka ardhi hiyo, atajibu kuwa yu salama, na fomu itaandikwa hivyo. Vijana wa kumtetea huenda wako machimboni, naye amebaki na wajukuu.

Sheria zipo. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamtia hatiani anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila zinazomnyima mwanamke haki ya ardhi. Lakini sheria haimfikii mtu ambaye hakupewa nafasi ya kusema.

Kwa hiyo, mahojiano yafanyike faragha, na lalamiko dhidi ya ukaguzi lipokelewe na ofisi ya halmashauri badala ya kurejeshwa kwa kiongozi yuleyule anayelalamikiwa. Mabaraza ya wazee yafuatilie majibu.

Mwananchi anayesikia jirani akiitwa mchawi asisubiri ziara ijayo ya afisa: atoe taarifa polisi mara moja.