Moyo nao una haki yake: tembea mpaka pumzi ibadilike

Leo tuzungumzie mazoezi, na naomba usigeuze ukurasa kwa kudhani kwamba nitarudia yale uliyokwisha kuyasikia, kuwa mazoezi ni mazuri kwa afya. Hilo kila mtu analijua. Ninachotaka kusema ni kwamba wengi wetu tunaodhani tunafanya mazoezi hatuyafanyi, na tatizo kubwa mara nyingi si muda wala umbali, bali ni kasi.

Muulize mgonjwa wa presha au kisukari anapofika kliniki kama anafanya mazoezi. Majibu yamekuwa mawili. La kwanza: "Natembea sana, daktari." La pili: "Mimi naswali swala tano, si inatosha?" Hili la pili hata baadhi ya wazungumzaji wetu wamelishika, wakisema kwamba rukuu na sijda ni mazoezi kamili yanayomtosha Muislamu. Kwa heshima zote, mimi naona hoja hii haiisaidii swala wala haiusaidii mwili. Swala ni ibada, na utukufu wake hauhitaji kuthibitishwa na kipimo cha presha. Ni kweli kwamba rakaa 17 za faradhi kila siku hunyoosha viungo na kusaidia magoti na mgongo visikakamae, na kwa mzee hilo si jambo dogo. Lakini mtu mzima mwenye afya akiswali kwa utulivu kama inavyotakiwa, moyo wake hauendi mbio. Zoezi ninalolizungumzia hapa ni lile linaloufanya moyo uende mbio.

Viwango vitatu vya kazi ya mwili

Wataalamu hupima kazi ya mwili kwa kuilinganisha na mtu aliyekaa kimya. Yeye tunampa moja. Kazi nyepesi haifiki mara tatu ya nguvu anayotumia mtu huyo. Hapa ndipo ilipo kuosha vyombo, kusimama dukani, au kutembea sokoni huku ukichagua nyanya. Kazi ya wastani ni kuanzia mara tatu hadi karibu na mara sita, mfano kutembea haraka kama mtu anayeiona daladala yake inataka kuondoka. Kazi nzito ni mara sita na kuendelea: kukimbia, kuruka kamba, kucheza mpira, kupanda kilima kwa haraka, kulima ardhi ngumu kwa jembe.

Huhitaji mashine kujua uko wapi. Tumia ulimi wako. Ukiwa unatembea na unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba qasida, hapo upo kwenye wastani. Ukitamka maneno machache tu ikabidi uvute pumzi, hiyo ni kazi nzito. Na kama unaweza kuimba qasida nzima mwanzo hadi mwisho bila kukatika, basi ndugu yangu, bado uko kwenye matembezi.

Mwilini kunatokea nini?

Misuli hutumia mafuta na sukari kama kuni. Mtu akienda polepole, sehemu kubwa ya kuni hizo hutoka kwenye mafuta. Akiongeza kasi, sukari huchukua nafasi kubwa zaidi. Kutokana na ukweli huu umeenea uvumi kwamba anayetaka kupunguza mwili aende polepole ili "achome mafuta". Hesabu hiyo ina kasoro. Anayepata nusu ya gunia amemzidi mbali anayepata robo tatu ya pishi. Kwa muda ule ule, anayetembea haraka hutumia nguvu nyingi zaidi kwa jumla, na jumla hiyo ndiyo yenye uzito kwenye mizani.

Kwa mwenye kisukari kuna faida nyingine. Katika aina ya pili ya kisukari, insulini ipo lakini mwili hauitikii vizuri. Msuli unaofanya kazi huweza kuvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kungoja insulini. Baada ya zoezi, msuli unaendelea kujaza akiba yake iliyotumika, na mwili huitikia insulini vizuri zaidi kwa muda wa siku moja hadi mbili. Ndiyo maana tunashauri zisipite siku mbili mfululizo bila zoezi. Atakayetembea Jumapili peke yake, faida hii itakuwa imekwisha kabla wiki haijafika katikati.

Moyo nao ni msuli. Ukizoeshwa kazi, hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, hivyo wakati wa mapumziko hupiga mara chache zaidi. Mishipa ya damu nayo, damu ikipita kwa kasi, hujifunza kutanuka vizuri, na presha hushuka. Presha ikishuka, hatari ya kiharusi inapungua. Na kiharusi, ndugu msomaji, hakimlazi mgonjwa peke yake. Humlaza na mke anayemgeuza kitandani, na mtoto anayeacha masomo ili afungue duka la baba.

Ushahidi si mgeni. Mwaka 1953 huko Uingereza, Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva waliokaa kutwa nzima walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Basi ni lile lile, mji ni ule ule, lakini mmoja amekaa na mwingine anapanda ngazi.

Mwaka 2007 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya watu wa makamo na wazee waliofundishwa kutembea dakika tatu kwa haraka, kisha dakika tatu polepole, wakirudia hivyo mara tano au zaidi, siku nne au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitano. Ukiwalinganisha na waliotembea kwa mwendo mmoja wa wastani, wao walizidi kwa nguvu za miguu, kwa pumzi, na presha yao ilishuka zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark wakajaribu mtindo huo kwa wagonjwa 32 wa kisukari cha aina ya pili. Waliobadilisha kasi sukari yao ilidhibitika vizuri zaidi kuliko waliokwenda mwendo mmoja, ingawa makundi haya mawili yalipangiwa kutumia nguvu sawa. Watu hao walikuwa wachache, lakini funzo lake ni zito.

Tufanye nini?

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kazi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za kazi nzito, au mchanganyiko wa hizo, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kwa hesabu nyepesi, dakika 30 za kutembea haraka kwa siku tano zinakufikisha kwenye 150. Zamani tulisema zoezi lisipungue dakika kumi kwa mkupuo. Sharti hilo limeondolewa, kwa hiyo hata dakika tatu zina hesabu yake.

Hapa ndipo msikiti unapoweza kutusaidia. Tumefundishwa madrasa kwamba anayeiendea swala asikimbie, aende kwa utulivu na staha. Basi adabu hiyo ibaki kama ilivyo. Kasi yako iweke njia ya kurudi. Ukitoka Alfajiri, badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani, zunguka mtaa: dakika tatu haraka, dakika tatu taratibu, mara tano. Ni nusu saa, jua halijawaka, na gharama yake ni raba tu.

Tahadhari

Kwanza, anza pole pole. Kazi nzito ya ghafla kwa mtu aliyekaa miaka bila zoezi inaweza kuuletea moyo madhara. Wiki za mwanzo tembea tu, kisha ongeza kasi kidogo kidogo.

Pili, kama presha yako ni 180 kwa 110 au zaidi, nenda hospitali kwanza. Kama unapata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata ukiwa umekaa, usianze kabla hujaonwa. Na ukiyapata wakati wa zoezi, simama na utafute matibabu haraka.

Tatu, anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi sukari yake inaweza kushuka mno. Beba pipi au sukari mfukoni. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, kula mara moja. Vaa viatu vinavyofunika mguu, na ukirudi kagua nyayo zako.

Nne, anayetumia dawa kama atenolo asijipime kwa mapigo ya moyo, kwani dawa hiyo huyazuia yasipande. Atumie kipimo cha qasida.

Tano, mwezi wa Ramadhani kazi nzito ihamishwe usiku baada ya futari. Na wakati wote, usiache dawa kwa sababu umeanza kutembea. Atakayepunguza dozi ni mtaalamu anayekutibu.

Na akina mama?

Hili sitaki kulipita. Tunawahimiza akina mama wafanye mazoezi, kisha mama akitembea haraka barabarani watu wanamuuliza anakimbilia wapi, na vijana wa kijiweni wanacheka. Wengi wao wanaishia kubaki ndani, na presha na sukari zinawakuta humo humo. Tulisoma madrasa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), safari moja Bi Aisha akatangulia, na safari nyingine baadaye, mwili ulipomuongezeka, akatanguliwa. Sasa sisi tunaona aibu ya kitu gani?

Maoni yangu ni haya. Viwanja vingi vya madrasa vina ukuta, na watoto wakishaondoka vinabaki vitupu. Kamati za misikiti ziwape akina mama saa moja kila siku, wafunge geti, watembee na kuruka kamba kwa sitara zao. Haihitaji harambee wala mfadhili. Inahitaji mwenye ufunguo akubali kuutoa.

Nawe msomaji, kesho asubuhi tembea mpaka qasida ikatike. Hapo ndipo moyo wako umeanza kupata haki yake.

Wabillahi tawfiq.