BUSHA SI AIBU, AIBU NI KICHEKO CHETU



Yako maonevu yatendwayo bila fimbo wala hukumu. Mojawapo ni hili atendewalo mwanaume mwenye busha. Huchekwa kilabuni, hupewa jina la utani, huacha kwenda mnadani na hata kanisani, hatimaye hushindwa kushika jembe. Twasema wazi kwamba huo ni uonevu, nao hutendwa na wanaocheka pamoja na wanaonyamaza.

Wapo wanaodai kuwa busha huletwa na maji ya madafu, na hivyo ni ugonjwa wa watu wa Pwani. Nduguti si nchi ya minazi, lakini busha laweza kumpata mwanaume popote alipo. Wengine husema mgonjwa amelogwa. Ukweli ni kwamba busha ni maji yaliyojikusanya katika utando unaozunguka korodani. Huko Pwani chanzo kikubwa ni minyoo ya matende ienezwayo na mbu. Kwingineko laweza kutokana na kuumia au maambukizo, au chanzo kisijulikane. Shirika la Afya Duniani limekadiria wagonjwa milioni 25 duniani. Je, wote hao wamelogwa?

Busha hukua polepole, kwa kawaida bila maumivu makali, na mwanga wa tochi hupenya uvimbe wake. Hata hivyo, jirani asijifanye daktari. Uvimbe unaoongezeka mtu akikohoa na kupungua akilala huenda ni ngiri. Kivimbe kigumu katika korodani hakina budi kupimwa, kwani chaweza kuwa saratani. Maumivu makali ya ghafla, hasa kwa kijana, ni dharura: korodani iliyojisokota hufa kwa saa chache, hivyo asingoje kupambazuke. Mtoto mchanga mwenye maji hayo mara nyingi hupona bila tiba. Apimwe, asichanjwe chale.

Busha dogo lisilosumbua laweza kuachwa. Kubwa huondolewa kwa upasuaji wa kawaida, ambao hospitali ya wilaya yenye mpasuaji huumudu. Anayetobolewa mtaani kwa sindano au wembe hurudiwa na maji, tena pengine kwa usaha. Dawa za kumeza, ambazo taifa lilianza kugawa kisiwani Mafia mwaka 2000, huzuia minyoo isienee, lakini hazikaushi busha lililokwisha kujaa.

Hapo ndipo tunapowapinga wanaosema, "Hospitali ipo, aende mwenyewe." Mkulima anayengoja alizeti ikomae hana nauli, na baada ya upasuaji hapaswi kuinua mizigo kwa majuma kadhaa. Nani atamlimia? Kumlaumu kwa kuchelewa, ilhali hatukumpunguzia mzigo, ni kumwonea mara ya pili.

Basi kila jumuiya ndogo ndogo imteue mwanaume mwenye busara wa kuwasikiliza wagonjwa kwa siri na kuwasindikiza. Wanajumuiya walime shamba la anayeuguza kidonda. Viongozi waiombe Halmashauri ya Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012, ipange siku za upasuaji na kutangaza gharama mapema. Kudai hivyo si kuomba sadaka, kwa maana afya ni haki ya raia. Na anayecheka akemewe hadharani, kama anavyokemewa mwizi.