Chatu si boa

Hapa Lubumbashi kila nyoka mkubwa asiye na sumu tunamwita boa. Neno limetoka Kifaransa, na wengi hawaoni ubaya wake. Mimi niliuona mwaka jana, kwa yaya wangu wa Katuba.

Alifuga chatu mdogo, yule ambaye Wafaransa humwita "python royal". Mwezi wa Julai, baridi ilipozidi, nyoka alikataa kula. Yaya akatafuta ushauri kwa jina alilolijua, boa. Akapata maelezo ya nyoka wa Amerika, mkubwa kuliko wake, akamletea panya wanene na kumlazimisha kumeza. Nyoka akafa.

Kumbe alihitaji joto kwanza: nyoka aliyepoa hawezi kumeng'enya chakula. Sanduku lake liwe na upande wa nyuzi 31 hivi na upande wa nyuzi 26, maji safi na pahali pa kujificha. Panya asizidi unene wa mwili wake. Akikataa, aachwe, chatu mzima huweza kukaa miezi bila kula.

Neno tunalo. Kiswahili kina chatu na Kibemba lusato, wa mzizi mmoja wa Kibantu. Darasani tunalinganisha sauti zake, kisha tunafunga daftari. Lakini yaya angetafuta "chatu", angesoma nini? Sisi ndio tungepaswa kuwa tumeandika. Naomba idara yetu ianze na kurasa mbili tu za msamiati wa ufugaji, kabla Julai haijarudi.