NJIA YA AMRI IWE MBALI

Makampuni ya simu duniani yanabadili viini vya mitandao yao. Zamani kila mtambo ulipitisha mawasiliano na papo hapo ukajiamulia njia ya kuyapitisha. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza utaratibu wa OpenFlow, ambao huiondoa akili katika mitambo na kuiweka mahali pamoja, katika programu. Mitambo hubaki na kazi ya kutii. Mwaka 2017 jumuiya ya 3GPP, itungayo kanuni za simu za mkono, ikakubali kutenga vivyo hivyo uongozi na uchukuzi ndani ya kiini cha 4G, na 5G imejengwa juu ya msingi huo.

Faida zake hatuzikani. Lakini twauliza: amri hizo zitapita njia gani siku mtandao utakapougua?

Swali hili si la kubuni. Alfajiri ya tarehe 8 Julai 2022, kampuni ya Rogers ya Kanada ilikuwa katika hatua ya sita, kati ya saba, za kutengeneza upya kiini chake. Kichujio kimoja kikafutwa katika ruta, mafuriko ya taarifa za njia yakakizamisha kiini, na wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa mawasiliano. Mafundi nao walitegemea kiini kile kile kuifikia mitambo yao, mithili ya mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba. Baya zaidi, minara iliendelea kutoa mawimbi, hivyo simu nyingi zikaishikilia Rogers wala hazikuhamia kampuni nyingine, na wengi waliopiga 911 kuomba msaada hawakusikiwa.

Kosa lile halikuzaliwa na mfumo mpya tunaouzungumzia. Hata hivyo mfumo huo waongeza uzito wa makosa ya namna ile, kwa kuwa amri moja hufika kila mtambo kwa mara moja. Septemba 2022 makampuni makubwa ya Kanada yalitia sahihi mapatano ya kusaidiana, baada ya Waziri Champagne kuyashurutisha. Twasema alifanya haki. Hatua za kwanza zilipofaulu, Rogers ilikuwa imeishusha daraja ya hatari ya kazi ile kutoka kubwa hadi ndogo. Ndivyo ilivyo kampuni iachwapo ijipimie yenyewe.

Kwa hiyo serikali yoyote itoayo leseni ya 5G yapasa idai mambo mawili kabla ya kupiga muhuri: njia ya amri isiyopita ndani ya mtandao unaoamriwa, na minara inyamaze kiini kinapokufa, ili simu ya mwenye shida itafute mnara mwingine.