Mzaha wa Liuli na Maganda ya Risasi

Jamani, kila ikikaribia Agosti hadithi ile inarudi. Mnaijua. Liuli, enzi hizo Wajerumani wakiiita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jiwe la Pomonda. Tarehe 13 Agosti 1914 nahodha Mwingereza, Rhoades, anaingia na meli yake Gwendolen na kuipiga mzinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ambayo ilikuwa nchi kavu inatengenezwa. Nahodha Mjerumani, Berndt, rafiki yake wa kunywa naye, anapiga makasia kumfuata na kumfokea kama kalewa. Kumbe hana habari kwamba vita imeanza. Anakamatwa. Watu wanacheka, hadithi imekwisha.

Mimi sicheki tena. Na sasa kwa kuwa lami imefika kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na wageni wanateremka ziwani kwa wingi kuliko zamani, naona mzaha huu unataka kugeuzwa kuwa historia rasmi ya mwambao mzima. Mgeni anaondoka akijua kwamba Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu ilikuwa wazungu wawili walevi na mtumbwi mmoja. Basi.

Ngoja niwapeleke mahali ambapo wasimulizi wetu hawafiki. Tuongelee ganda la risasi. Ndiyo, kile kikopo cha shaba ya njano kinachobaki ukishafyatua. Msikimbie, nitafika kwa binadamu sasa hivi.

Askari wengi wa Kijerumani mwaka 1914, maana yake watu weusi waliovaa sare ya Kaisari, walikuwa wamepewa Mauser ya mwaka 1871. Bunduki ya risasi moja. Unaweka moja, unapiga, unafungua komeo, unatoa ganda, unaweka nyingine. Haina hata kitemeo: komeo linalivuta ganda nje ya chumba chake, halafu unaiinamisha bunduki ubavu lidondoke. Inatumia baruti nyeusi, na kila mlio unatoa wingu la moshi linalomwambia adui hapa nipo, nipige. Bunduki za kisasa zisizo na moshi zilikuwa chache, zikaongezeka kwa kunyang'anya. Tanga, Novemba 1914, Waingereza walikimbia wakaacha bunduki kwa mamia, bombomu 16 na risasi 600,000.

Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens ikaja imejificha kwa bendera ya Denmark. Manowari ya Kiingereza ikaikuta ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga, ikazama sehemu isiyo na kina kirefu. Mzigo ukaopolewa. Risasi kwa mamilioni, zimelowa maji ya chumvi. Lettow-Vorbeck, jemadari wao, ameieleza kazi iliyofuata katika kumbukumbu zake za mwaka 1920: kufungua risasi mojamoja, kusafisha na kukausha baruti, kubadili fataki pale ilipowezekana, kufunga tena, kujaribu zipi zinalipuka na zipi zinakataa. Miezi na miezi.

Sasa hapa ndipo ganda linapokuwa na maneno. Ukifyatua risasi, moto unalipanua ganda mpaka linakumbatia kuta za chumba cha bunduki. Ndivyo gesi inavyozuiwa isirudi usoni kwako. Baadaye linanywea, ila halirudi lilivyokuwa. Limechukua umbo la bunduki ile iliyolifyatua. Ukitaka kulitumia tena lazima ulirudishe kipimo, na njia ni mbili. Ya kwanza unalibana shingo tu, pale risasi inaposhikwa. Ya pili unalisukuma lote ndani ya kalibu, shingo, bega na kiwiliwili.

Wapenzi wa bunduki kule Marekani wanabishana juu ya hili mpaka usiku wa manane. Mwenye bunduki moja ya shabaha anasema shingo inatosha, ganda langu linarudi chumba kilekile lilikozaliwa, shaba haichoki haraka. Mwenzake mwenye bunduki ya risasi moja ya kukunja au ya kizibo cha kushuka anamjibu: hiyo bunduki haina nguvu ya kusukuma ganda linalobana wala kulichomoa, kwa hiyo libane lote, ila bega ulirudishe nyuma unywele tu, maana ukizidisha ganda litanyooka kila unapopiga na siku moja litakatika juu kidogo ya kitako. Nampa haki huyu wa pili. Ganda linalogoma kutoka si jambo dogo. Jeshi la Marekani lililalamikiwa hivyo juu ya maganda ya shaba nyekundu ya bunduki zake za risasi moja baada ya kipigo cha Little Bighorn mwaka 1876, likahamia shaba ya njano.

Lakini angalieni, hoja zote mbili zinamdhania mtu mmoja mwenye bunduki yake. Jeshi halina anasa hiyo. Risasi iliyofungwa leo haijulikani kesho itaingia bunduki ya nani. Ganda lililokwisha kufyatuliwa, kwa jeshi, njia ni ya pili, lote ndani ya kalibu. Zile za Rubens zilikuwa hazijafyatuliwa, maganda yake yalikuwa bado na kipimo cha kiwandani. Kilicholegea ni shingo, kwa kung'olewa risasi. Unabana shingo, unasonga mbele. Kazi ya mikono, ya subira, ya macho makali. Ukikosea, mtu anabonyeza kifyatulio mbele ya adui na kusikia "tk".

Mikono ya nani? Mzungu mmoja anaweza kusimamia. Hawezi kufungua milioni. Tafuteni majina ya waliokaa chini wakikausha baruti ile. Mimi nimetafuta, sijayaona. Majina ya Rhoades na Berndt tunayo mpaka na chupa walizokunywa!

(Kabla hamjaniandikia: hapana, sishauri mtu ajaribu nyumbani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa.)

Haya, fanyeni hesabu na mimi. Risasi moja ya ile Mauser ya 1871 ina uzito wa gramu 43 hivi. Ya Mauser ya kisasa ya mwaka 1898 ni kama 24. Mzigo wa mpagazi chukua kilo 25. Kwa bunduki ya zamani mtu mmoja anabeba risasi 580 hivi. Kwa ya kisasa, zaidi ya 1,000. Maana yake kila askari aliyepewa bunduki kuukuu aliongezewa pia wapagazi, karibu mara mbili, kwa idadi ileile ya milio. Na anayesema "si wangeokota maganda wayatumie tena" ajibu: nani angeyarudisha mgongoni? Ganda tupu nalo lina uzito, gramu kumi na kitu. Nalo linapanda milima ya Umatengo.

Wanahistoria wengi wanakadiria wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao kuwa karibu 100,000. Njaa, kuhara, malaria, kuchoka. Kariakoo tunapokwenda kununua viatu ni hilo jeshi la wapagazi, Carrier Corps, limebaki katika jina la soko. Upande wa Wajerumani hawakuhesabu hata kwa kujifanya.

Na vita haikuishia kwenye mtumbwi wa Berndt. Oktoba 1917, Mahiwa, kule Lindi, Wajerumani walimaliza karibu risasi zao zote zisizo na moshi, wakabaki na zile za 1871. Mwezi uliofuata wakavuka Ruvuma, na tarehe 25 Novemba wakawavamia Wareno pale Ngomano na kujipatia bunduki na risasi upya. Septemba 1918 wakavuka mto kurudi, wakapita Ungoni kuelekea Ubena, wakila walichokikuta vijijini. Ungoni hiyohiyo ambayo tarehe 27 Februari 1906, Songea, ilinyongewa viongozi wake baada ya Majimaji. Miaka 12 tu katikati. Waliokuwa watoto wakati wa Majimaji ndio waliokuwa vijana wa kubebeshwa mizigo.

Najua nitajibiwa nini. Rafiki yangu mmoja anayepeleka wageni ziwani aliniambia, "Kaka, mgeni amekuja kupumzika, ukimwambia habari za maiti hatarudi." Sikubaliani naye hata kidogo. Wageni haohao wanalipa kuingia Songea kwenye makumbusho ya Majimaji na kusimama kwenye kaburi la halaiki. Hawakimbii. Anayekimbia ni msimulizi, kwa sababu hadithi ya walevi ni nyepesi, imeandikwa tayari kwa Kiingereza, unaikariri tu. Hiyo ya pili inabidi uitafute kwa wazee wa Liuli, Lituhi, Mbaha na Mbinga, waliosikia kwa babu zao nani alichukuliwa na nani hakurudi, na kila mwaka wanapungua.

Sisemi mzaha ufutwe. Useme, ni kweli ulitokea. Lakini ukishamaliza kucheka pale kwenye jiwe la Pomonda, mshikishe mgeni jiwe la kilo 25, umwambie alibebe mpaka barabarani, na njiani umweleze lilikuwa na risasi ngapi.